Wanafunzi wa Nateete Waliosahihisha Ramani Yangu

Siku yangu ya kwanza ofisini nilipewa wembe. Nilikuwa nimevaa gauni la kanisani na kubeba cheti changu cha chuo ndani ya bahasha, nikidhani nitaonyeshwa meza ya kuchorea. Bwana Ssemakula, mwenye ofisi, akaniwekea mbele karatasi ngumu inayopitisha mwanga, imejaa mistari ya wino, akasema kwa Kiswahili chake: "Hii ukuta mutu alichora mubaya. Toa. Lakini kalatasi isipasuke." Wakati ule kosa la wino liliondolewa kwa kukwanguliwa, polepole, kama mtu anayemnyoa mtoto mchanga. Nilikwangua ukuta ule mmoja kuanzia saa tatu mpaka saa saba. Karatasi haikupasuka. Kesho yake nikapewa kalamu.

Ninyi mnaobonyeza kitufe kimoja ukuta ukatoweka, msinionee huruma. Kukwangua kulinifundisha kufikiri kabla ya kuchora, jambo ambalo, kwa mnavyobonyeza, naona bado hamjapata sababu ya kujifunza.

Mmeniomba niandike kuhusu miaka yangu ya kazi kwa sababu nilikataa kutoa hotuba siku ya kuniaga. Naandika kwa Kiswahili. Najua Bwana Ssemakula angenicheka. Alizoea kusema kwamba Kiswahili alikijua kwa maneno mawili tu, "lala chini", kwa sababu katika ujana wake waliokizungumza hapa Kampala walikuwa wameshika bunduki. Lakini hesabuni wenyewe: mimi Mtaita wa Voi, wawili wenu mmetoka Kisumu, mmoja Bukavu, na mafundi wetu wengi wamewahi kufanya kazi Nairobi. Tukigombana kwenye eneo la ujenzi, tunagombana kwa Kiswahili. Basi na tukumbuke kwa lugha hiyohiyo.

Ofisi ilikuwa Ntinda, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Kulikuwa na meza nne, madirisha mawili, na mashine ya kuchapa ramani iliyotumia amonia. Siku ya kuchapa tulilia sote machozi, na wateja waliopanda ngazi walidhani tumefiwa. Meza ya pembeni ilikuwa ya Mzee Opio, mchoraji mkuu, mtu mrefu asiye na maneno mengi. Kila alipoenda kupima jengo alibeba kigoda chake cha mbao. Akishafika, anakiweka mahali, anakaa robo saa nzima bila kufanya lolote, kisha anakisogeza pengine. Nilidhani anapumzisha miguu. Siku nilipomuuliza alinijibu, "Nataka kujua mtu atakayekaa hapa ataona nini. Ramani inachorwa na mtu aliyesimama, nyumba inakaliwa na mtu aliyekaa." Nililiandika neno hilo kwenye daftari langu, nikalipenda sana, na kwa miaka mingi sikulitumia hata mara moja.

Nilichora shule. Ofisi nyingine zilijulikana kwa hoteli au makanisa, sisi tulijulikana kwa shule. Madarasa saba kwa mstari, ukumbi wa mbele, ofisi ya mwalimu mkuu, jiko, vyoo nyuma. Kompyuta zilipokuja kazi ikawa rahisi zaidi, maana niliweza kuichukua shule ya Mukono na kuilaza Mityana kwa asubuhi moja. Mzee Opio alistaafu akarudi kwao Lira, kigoda akaenda nacho. Mimi nikawa mchoraji mkuu. Na katika shule zote hizo, ninawaambia bila kujificha, sikuwahi kumuuliza mtoto hata mmoja chochote. Sikuona ningemuuliza nini.

Kisha ikaja kazi ya Nateete.

Ilikuwa shule ya msingi iliyobanwa kati ya soko, barabara na gereji ya malori. Kiwanja ni kidogo, ardhi iko chini, mvua ikinyesha maji yanaingia darasa la tatu bila kubisha hodi. Wafadhili fulani walikubali kujenga upya madarasa na vyoo, lakini katika fomu zao kulikuwa na kipengele kimoja kilichomkera Bwana Ssemakula: wanafunzi wa madarasa ya juu washirikishwe katika kubuni shule yao. Alinisomea mara mbili, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua.

"Washirikishwe," akasema. "Wakesho, wewe nenda uliza hao watoto napenda langi gani. Andika. Tunaweka kwa fomu. Inakwisha."

Ramani ilikuwa tayari. Niliichora mwenyewe, na ilikuwa imeshapita kwenye idara ya majengo. Nilikwenda Nateete nikiwa na penseli za rangi na karatasi nyeupe, kwa moyo wa mtu anayepelekwa kuhesabu kuku wa jirani.

Mwalimu mkuu, Madamu Nakayiza, mwanamke mfupi mwenye sauti iliyofika mpaka barabarani, alinipa wanafunzi thelathini wa darasa la sita na la saba, watoto wa miaka kumi na moja hadi kumi na minne, katika chumba kilichokuwa na dirisha moja. Niliwaambia kwa Kiingereza wachore shule wanayoitaka. Baada ya nusu saa nilikuwa na karatasi thelathini za shule moja: mlango katikati, dirisha kila upande, bendera juu, ua la waridi chini. Watatu waliongeza bwawa la kuogelea. Kizito, mvulana aliyeongea kuliko wenzake wote wakiunganishwa, aliongeza helikopta, akaniahidi kwamba haitapiga kelele wakati wa masomo. Nikawauliza rangi. Njano. Nikaandika njano.

Ningeweza kuishia hapo, na fomu ingejaa. Kilichonirudisha ni kiburi cha kazi. Nilijua kuchora, na nilijua michoro ile haikuwa yao. Walikuwa wamenichorea nyumba ya kwenye kitabu cha kusoma kwa sababu walidhani ndiyo ninayoitaka. Wiki iliyofuata nilirudi bila penseli za rangi. Nilichapa ramani ya shule yao kama ilivyokuwa, kubwa kama kitanda, nikaitandika sakafuni. Kwanza niliwafundisha kuisoma. Tulipima darasa kwa futi ya chuma, halafu tukalitafuta kwenye karatasi. Msichana mmoja, Esta wa darasa la saba, alipoelewa kwamba ule mstari mwembamba ndio ukuta alioegemea, alitoa sauti kama mtu aliyemwagiwa maji baridi. Nimekumbuka sauti ile mara nyingi. Ndiyo niliyoitoa mimi chuoni, na nilikuwa nimesahau kwamba niliwahi kuitoa.

Kisha nikaomba maharage mabichi jikoni na kokoto uani. "Wekeni maharage mahali mnapopapenda," nikawaambia, "na kokoto mahali msipopapenda. Hakuna kosa, na hakuna alama." Walipiga magoti kuzunguka ramani, wakisukumana. Maharage yakajaa kwenye ngazi za ofisi ya Madamu Nakayiza, maana pana kivuli asubuhi na upepo kidogo. Kokoto zikajaa darasa la tatu, zikajaa pale foleni ya chakula inapogongana na foleni ya maji. Nilikuwa naandika haraka, na nitawaambia ukweli, nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata kazini kwa muda mrefu.

Walipomaliza niliona sehemu moja haina kitu. Choo cha wasichana, kule nyuma, kwenye kona iliyopakana na gereji. Wavulana walikuwa wametia kokoto nane kwenye chao, huku wakiziba pua na kucheka. Kwenye cha wasichana hapakuwa na kokoto, wala harage.

"Hapa mmesahau," nikasema.

Wasichana wakaangalia chini. Esta akakunja ukingo wa sketi yake. Kizito akataka kusema kitu, jirani yake akamfinya. Kengele ikalia, wakatoka.

Nilikuwa nanawa mikono kwenye bomba wakati msichana mmoja aliponisogelea. Alikuwa mwembamba, amenyolewa nywele kama wenzake, na siku zote mbili sikuwa nimesikia sauti yake. Jina lake Furaha. Wazazi wake walitoka Kongo, upande wa Uvira, na baba yake alishona nguo pale sokoni. Kiganda alikuwa bado anajifunza, na Kiingereza cha darasani kilimpita juu.

"Mama, nilisikia unaongea Kiswahili kwa simu," akasema.

"Ndiyo, mwanangu. Ni lugha ya kwetu."

Akaangalia nyuma. "Hatukusahau. Kule hatuendake."

"Hamwendi chooni?"

"Hatuendake. Batu ba gereji banapanda juu ya bamotokari, banatengeneza, banatuona. Ukuta ni mufupi. Bengine banaita majina yetu." Alisema taratibu, kama anayehakikisha kila neno limefika. "Tangu asubuyi hatukunywake maji, ili tusiende. Esta alianguka mustarini juzi. Mwalimu alisema ni njaa."

"Mmemwambia Madamu?"

Aliniangalia kwa mshangao, kama nimemuuliza kwa nini hajaruka angani. Kisha akakimbilia darasani.

Sasa mnajua kwa nini nimewaeleza juu ya ramani iliyokuwa tayari. Choo kipya cha wasichana nilikuwa nimekichora palepale. Kona ileile, mgongo kwenye gereji ileile. Kwenye karatasi ilikuwa ni mahali pa maana: mbali na madarasa, mbali na macho ya wageni. Gereji haikuwa kwenye ramani yangu. Ramani huishia kwenye mpaka wa kiwanja, na nje ya mpaka huwa tunaandika "jirani" basi.

Nilimweleza Bwana Ssemakula siku hiyohiyo. Alisikiliza, akasema ataongeza ukuta tofali mbili, na kwamba idara ikishapitisha ramani, kuihamisha ni kuanza upya, na wafadhili hawatasubiri. Nikakubali. Nataka mlisome neno hilo mara mbili, maana ninyi mnapenda kunisimulia kama mtu asiyeyumba. Nilikubali. Nilipeleka ripoti nzuri ya kurasa sita, yenye picha ya maharage, na milango nikaiandikia rangi ya njano.

Mwezi mmoja baadaye tulipiga vigingi vya mbao, tukafunga kamba, na fundi mkuu, Bwana Wafula, Mkenya mwenzangu wa Bungoma, akamwaga chokaa kuonyesha mahali pa kuchimba msingi. Ilikuwa mapumziko ya saa nne. Watoto wa maharage wakaja mbio. Hakuna aliyelazimika kuwaeleza kitu. Niliwafundisha mwenyewe kusoma ramani, na sasa waliisoma chini ya miguu yao. "Hili darasa la sita! Mlango huu!" Kizito akaingia kwa kupitia ukutani, wenzake wakamkemea atoke apite mlangoni.

Furaha alitembea mpaka kona ya nyuma. Alipima kwa hatua, kisigino kwa kidole, kisha akasimama ndani ya mistari midogo ya chokaa.

"Mama, hii ni choo?"

"Ndiyo."

"Ya basichana?"

"Ndiyo."

Upande wa pili wa ukuta nyundo ziligonga chuma. Akageuza uso kidogo kuelekea kelele ile, halafu akaniangalia tena. Hakuwa na hasira. Aliniuliza kama mtu anayeuliza saa.

"Sasa mulituuliza ya nini?"

Esta, ambaye Furaha alikuwa amemfundisha Kiswahili kidogo, akawatafsiria wenzake kwa Kiganda. Kengele ikalia wakarudi darasani, na safari hii hakuna aliyepita mlangoni. Walikanyaga chokaa tu.

Bwana Wafula alikuwa amekwisha kuwaita vijana wake na majembe. Nikamwambia wasichimbe. "Vipimo vina kosa," nikasema.

"Kosa gani, dada? Nimepima mwenyewe."

"Kosa langu."

Akanikodolea macho, akawaambia vijana wakanywe chai. Nikapanda bodaboda mpaka Ntinda, jambo ambalo nilikuwa nimewaapia watoto wangu kwamba sitalifanya tena.

Bwana Ssemakula alikuwa na mteja. Nilisubiri. Mteja alipotoka niliingia, nikafunga mlango, na kwa mara ya kwanza tangu nipewe ule wembe, nikakataa.

"Sichori choo pale," nikasema. "Na jina langu litolewe kwenye ramani."

"Wakesho, ramani ilishapita."

"Ilipita kwa watu ambao hawatakitumia."

"Na wewe utakitumia?" Alianza kupandisha sauti. Nilimwomba jambo moja: aje Nateete, aingie kwenye choo kilichopo, asimame ndani kwa dakika tano. Akishatoka, atakachoamua nitafanya.

Alikuja kesho yake asubuhi, shati jeupe, tai, viatu vya kung'aa. Madamu Nakayiza, ambaye nilimweleza yote usiku uliopita kwa simu, alikuwa amehakikisha wasichana wote wapo darasani. Bwana Ssemakula akaingia kwenye choo cha wasichana, akajifungia. Alikuwa mtu mkubwa. Kichwa chake na mabega vilionekana juu ya mlango. Tukasimama nje. Dakika ya kwanza haikuwa na kitu. Dakika ya pili, upande wa gereji, kijana mmoja mwenye ovaroli alipanda juu ya kichwa cha lori akiwa na spana, akainua uso, akaona mzee mwenye tai ndani ya choo cha wasichana.

"Wasuze otya, ssebo?" akamsalimu kwa Kiganda, kwa adabu zote.

Bwana Ssemakula, kwa mazoea ya malezi mema, alianza kumjibu. Kisha akanyamaza katikati ya neno.

Alipotoka hakututazama. Alikwenda mpaka kwenye gari, akakaa, miguu ikiwa nje, akapangusa uso kwa leso. Alikuwa na mabinti wanne. Baada ya muda akaniita.

"Watoto wanataka wapi?" akaniuliza. Safari hii hakuuliza rangi.

Wasichana walikwisha kupataja tangu siku ya maharage bila mimi kuelewa: kando ya ngazi za ofisi ya mwalimu mkuu, mbele, karibu na lango. Pale watu wazima hupita siku nzima, na ukuta wa upande ule unapakana na kanisa. Mwenyekiti wa kamati ya wazazi alipinga kwa nguvu. Alisema mgeni akiingia langoni ataona choo kabla hajaona shule. Madamu Nakayiza akamjibu, "Vizuri. Atajua mapema kwamba tunacho," na kikao kizima kikacheka, akiwemo mwenyekiti, kwa shingo upande.

Kulibaki swali la maji. Bwana Ssemakula aliamini kwamba mbele ni chini kuliko mtaro wa barabarani, na maji ya kunawia yangerudi ndani ya shule. Alisema ataleta mpimaji. Nikamwambia wapimaji wapo. Tulichukua mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha ndani, urefu wa mita ishirini, tukaujaza maji. Mnaujua, bado upo stoo, na hakuna chombo chenu cha betri kilichowahi kuubishia. Esta alishika ncha moja kando ya ngazi, Kizito akashika nyingine kwenye mtaro, akiwa ameambiwa kwamba akitikisa mkono tutaanza upya. Sikuwahi kumwona kimya namna ile. Maji yalipotulia pande zote mbili, Furaha akapima kutoka kwenye maji mpaka ardhini, huku na kule, akaandika, akatoa. Akarudia hesabu. Kisha akamwendea Bwana Ssemakula mwenyewe, siyo mimi, na daftari mkononi.

"Hapa ni juu," akasema. "Sentimita makumi ine na mbili."

Yule mzee akainama, akachukua futi yake mwenyewe mfukoni, akapima upya pande zote mbili, goti la suruali kwenye vumbi. Tulisubiri. Akasimama kwa shida.

"Makumi nne na mbili," akasema. "Huyu mutoto anapima vizuri kushinda Wakesho."

Ilinibidi nichore upya kurasa kumi na moja. Sijawahi kufurahia adhabu kama ile. Tuliongeza mengine waliyoyataja: dirisha lililoshuka mpaka usawa wa jicho la mtoto aliyekaa, foleni mbili zisizokutana, benchi refu kwenye kivuli. Mafundi wa chuma wa Katwe walitutengenezea madirisha na milango, na kila mlango ukapakwa njano, kwa heshima ya fomu. Helikopta haikupata nafasi. Kizito aliniambia anaelewa, kiwanja ni kidogo.

Furaha hakuiona shule ile ikiezekwa. Nilifika siku moja kukagua kenchi, mbao za kubebea paa, nikamkuta Esta peke yake kwenye benchi, akaniambia familia ya mwenzake imepata safari, wameondoka Jumamosi, mbali, nchi ya baridi. Hakuacha salamu kwangu. Kwa nini angeacha? Alikuwa na miaka kumi na tatu na dunia nzima ya kufungasha. Lakini siku ile nilikagua kenchi vibaya, nikalazimika kurudi kesho yake.

Siku ya ufunguzi kulikuwa na mahema, keki na spika mbili. Walishukuriwa wafadhili, kamati, ofisi yetu, kanisa la jirani na hali ya hewa. Watoto waliimba. Bwana Ssemakula alipoitwa kusema neno, alisema kwa Kiganda maneno machache ambayo sikuyafuata yote, kisha akawaomba wanafunzi wa darasa la sita na la saba wasimame. Akawapigia makofi yeye peke yake mpaka wengine wakajiunga. Alifariki miaka miwili baadaye. Wengi wenu hamkumkuta; mnamjua kwa picha ile ya kwenye ngazi. Nawaambia tu kwamba alikuwa mkali, alikuwa mbishi, na aliweza kupiga goti.

Tangu hapo sijachora shule bila kwenda na maharage, na ninyi mnajua, maana wengine mliyabeba. Hayo mengine mliyaona wenyewe.

Mwezi uliopita, wiki ya pili ya kustaafu kwangu, nilikwenda Nateete kumsalimu Madamu Nakayiza, ambaye naye amebakiza mwaka mmoja. Watoto waliokuwapo hawakunijua. Hakuna aliyejua kwamba wakati fulani choo hakikuwa pale mbele. Kwao kilikuwa pale kama barabara ilivyo pale. Nilikaa kwenye benchi nikitazama, na moyo wangu, niseme ukweli, ulikuwa umejaa kidogo.

Kisha nikaona jambo. Kila mtoto mdogo aliyeingia chooni aliingia na mwenzake, na mwenzake alibaki nje ameushika mlango kwa mikono miwili. Wasichana wakubwa waliingia peke yao. Nikamsogelea mmoja wa waliokuwa wakishika, wa darasa la kwanza, meno ya mbele hayapo.

"Unafanya nini hapo?"

"Namshikia Patra mlango, jjajja," akasema, akiniita bibi.

"Hakuna komeo?"

"Lipo juu."

Niliingia nikatazama. Lilikuwa usawa wa kifua changu. Tulipolipima tulimpimia Esta, aliyekuwa mrefu kuliko darasa lake. Miaka yote hiyo nilijisifu kwamba niliuliza watoto, na niliwauliza wakubwa tu. Wadogo walikuwa wakishikiana milango mbele ya macho ya kila mtu, na hakuna aliyeona ni jambo la kulalamikia, hata wao wenyewe.

Kesho yake nilikwenda Katwe. Fundi alitaka kuniuzia geti. Nikamweleza mara tatu kwamba nataka makomeo sita madogo, yasiyo na makali, yanayoteleza kwa kidole cha mtoto. Jumatatu nikarudi shuleni na Bwana Wafula, ambaye magoti yake sasa ni mabovu kuliko yangu, na drili ya kuazima kutoka ofisini kwenu. Naam, ni mimi niliyeichukua. Tuliweka la kwanza chini ya lile la zamani, kwa urefu ambao Patra alituonyesha kwa kuweka kiganja chake mlangoni.

Alitaka kulijaribu yeye kwanza. Aliingia, na rafiki yake, kwa mazoea, akaukamata mlango kwa mikono miwili. Tukasikia chuma kikiteleza ndani, kikakwama, kikarudi, kikateleza tena mpaka mwisho.

"Achia," Patra akasema kutoka ndani. "Nenda kacheze."

Yule mwenzake alibaki ameshika kidogo, asiamini. Akavuta. Mlango haukufunguka. Akaachia mikono, akaitazama, kisha akakimbilia uani.